Lisiloandikwa na Mwenye Kalamu: Maandishi ya Njia ya Misafara ya Tabora na Ufundishaji wa Ung'amuzi katika Usomaji



1. Utangulizi

Mada niliyopewa jioni ya leo inahusu jambo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili analijua kwa uchungu. Mwanafunzi husoma kifungu cha ufahamu kwa sauti safi, bila kukwama. Akiulizwa nani alikwenda wapi na lini, hujibu sawasawa. Akiulizwa kwa nini mhusika alinyamaza, au mwandishi alikusudia nini alipotaja jambo fulani na kuacha lingine, mwanafunzi hurudi kwenye kifungu, hutafuta sentensi yenye jibu, na asipoiona husema kwamba swali halimo.

Swali limo. Jibu ndilo ambalo halikuandikwa. Uwezo wa kulifikia jibu la namna hiyo, kwa kuunganisha kilichoandikwa na kile ambacho msomaji anakijua, nitauita ung'amuzi. Nalitumia neno hili kwa maana mahususi ya kufikia hitimisho kwa kufuata dokezo, na nalitenga na kubuni, yaani kuongeza jambo ambalo maandishi hayana dokezo lake.

Nimechagua kuijadili mada hii kwa njia ya historia, na hasa kwa maandishi yaliyozaliwa na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji na Manyema. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, maandishi hayo ni miongoni mwa nathari ndefu za mwanzo za Kiswahili zilizochapishwa, na hayasomeki barabara pasipo ung'amuzi. Pili, watu wengi walioijenga njia ile hawakuacha waraka hata mmoja. Asiyefundishwa kung'amua hatawakuta kamwe.

2. Njia na maandishi yake

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Unyanyembe mwezi Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili yamekwisha kuota mizizi. Mahali hapo Burton alipaita Kazeh. Sisi twapajua kwa jina la Tabora. Hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi. Pembe za ndovu na watumwa walielekea pwani. Nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti zilielekea bara. Kabla ya reli ya kati kuifikia Tabora mwaka 1912, mzigo ulisafiri kwa bega la mtu, na kwa kawaida mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30.

Katika ulimwengu huo ndimo yalimotoka masimulizi ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, naye Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley alizitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Sambamba na kazi hiyo ipo *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko wa habari za wasafiri uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901.

Tuanze na hati yenyewe. Katika mwandiko wa zamani wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, usio na alama za ziada, herufi *ba* iliweza kusimama kwa *b*, kwa *mb* na kwa *p*. Na kasra iliweza kusomwa *i* au *e*. Kwa hiyo neno *pembe* na neno *bibi* yaliweza kuandikwa kwa namna moja. Mfanyabiashara wa Tabora aliyepokea waraka wa kuarifiwa kuwa kitu fulani kimenunuliwa, au kwamba mtu fulani anawasili, alilazimika kuamua kwa muktadha iwapo habari ilikuwa ya pembe au ya bibi. Kitenzi, hesabu iliyotangulia na mtu aliyeandika vilimwongoza. Kwa msomaji huyo ung'amuzi ulikuwa mlango wa kuingilia katika neno la kwanza, wala haukuwa ngazi ya juu inayofikiwa baada ya kujua kusoma. Brode naye alipoandika upya kwa herufi za Kirumi alikabiliwa na kazi hiyo hiyo. Kila ukurasa tunaousoma leo umekwisha kupita katika ung'amuzi wa mtu mwingine.

3. Kifungu cha mfano

Ili tuzungumze kwa ushahidi, nimetunga kifungu kifupi cha aina ambayo msafiri wa njia hiyo angeweza kukiandika. Si nukuu kutoka kitabu chochote. Nimekitunga kwa ajili ya mhadhara huu.

"Tulipofika Tabora tukakaa miezi mitatu, maana njia ya Ujiji ilikuwa na vita. Nguo zikapungua, na watu wakaanza kutoroka. Kirangozi akaniambia, 'Bwana, mvua zimekaribia.' Nikatoa mtumba mmoja wa merikani."

Sentensi ni nne, na msamiati wake karibu wote ni wa kawaida. Hata hivyo mwanafunzi wa leo anayekisoma kwa mara ya kwanza ana haki ya kuchanganyikiwa. Nguo zilipungua kwa sababu gani, na wizi haukutajwa? Mvua zinahusianaje na kutoroka? Msimulizi ameambiwa habari ya mvua: mbona amejibu kwa kutoa kitambaa?

Anayejua njia ile ataviunganisha mara moja. Nguo ilikuwa fedha. Msafara uliokaa miezi mitatu mahali pamoja ulinunua chakula kwa nguo kila siku, na hazina ikapungua bila mwizi. Nguo zikipungua posho hupungua, na mpagazi asiyepata posho huondoka. Neno "watu", ambalo halifafanuliwi, linawahusu wapagazi. Maneno ya kirangozi nayo hayakuwa utabiri wa hali ya hewa. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara, aghalabu alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi wengi walifanya upagazi wakati wa kiangazi kisha wakarudi makwao kulima. Kusema "mvua zimekaribia" ni kusema kwa adabu kwamba watu wanataka kwenda mashambani, na kama bwana anawahitaji na awape sababu ya kubaki. Mtumba wa merikani ndio jibu lake. Pale pamefanyika majadiliano ya ujira kwa sentensi mbili, na neno "ujira" halikutajwa.

Tutazame sarufi ya kifungu hicho. Kiambishi *-ka-* kimeyapanga matukio: hili likatokea, kisha hili. Husema lipi lilifuata lipi, lakini hakisemi kwa nini. Mtiririko wa nathari simulizi ya Kiswahili unategemea sana kiambishi hiki, na kwa hiyo unamwachia msomaji kazi ya kujaza sababu. Mwalimu anayefundisha *-ka-* kama alama ya mfuatano tu amefundisha nusu ya somo. Nusu ya pili ni kuuliza baina ya kila *-ka-* na inayofuata: je, tukio la kwanza lilisababisha la pili, lililiwezesha, au lililitangulia tu?

4. Maarifa ya awali na mitego yake

Wataalamu wa saikolojia ya usomaji wameeleza jambo hili kwa majaribio. Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson huko Marekani waliwasomea watu kifungu kilichoeleza kazi ya kufua nguo bila kuitaja kazi yenyewe. Waliotajiwa mada kabla ya kukisikia walikielewa na kukikumbuka zaidi kuliko wasiotajiwa, au waliotajiwa baadaye. Maneno yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa ni kile ambacho msikilizaji alikileta.

Ndiyo maana si haki kumwambia mwanafunzi "fikiri zaidi" wakati anachokosa ni habari. Mwanafunzi wa Mtwara au wa Tanga asiyejua kwamba nguo ilikuwa fedha hatafika popote kwa kufikiri zaidi. Mpe habari hiyo katika dakika mbili kabla ya kusoma, nawe utaona jinsi akili yake inavyofanya kazi.

Hata hivyo, kwa msomaji wa maandishi ya kale maarifa ya awali ni mtego pia, kwa kuwa maneno hubaki na maana huhama. Nitataja manne. Mwanafunzi wa leo akisoma kwamba msafara ulitoa *hongo* Ugogo, atahukumu kuwa kulikuwa na rushwa. Kumbe hongo ilikuwa ushuru uliolipwa kwa mtemi ili kupita katika nchi yake na kutumia maji yake. Akisoma *mtumba* ataona nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, ilhali ni robota la mzigo. *Merikani* atalipita bila kusimama, na hali neno hilo limebeba habari nzima ya kitambaa cha pamba kutoka Marekani, nchi iliyotiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833. *Mwungwana* atamwona ni mtu huru na mwenye adabu. Lakini katika misafara wengi walioitwa wangwana walikuwa watumwa au watumwa wa zamani kutoka pwani, waliojitofautisha na watu wa bara kwa jina hilo.

Mfano wa tano ni mgumu zaidi, nao umo katika kifungu chetu: *kutoroka*. Mwanafunzi makini atakumbuka kwamba *mtoro* ni mtumwa aliyekimbia, na atahitimisha kuwa wapagazi wale walikuwa watumwa. Hitimisho hili lina mantiki, na mwalimu asilidharau. Lakini lipimwe. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na kwamba kuacha mzigo na kuondoka ilikuwa mojawapo ya njia zao za kupinga masharti mabaya. Neno "kutoroka" ni la msimulizi, yaani la mwenye mali. Linatueleza jinsi alivyowatazama watu wale. Halitoshi kutueleza walikuwa nani.

Hapa ndipo somo la ufahamu linapogeuka kuwa somo la historia, na ndipo lenye thamani kubwa.

5. Msimulizi anayejua anachokiacha

Mpaka sasa tumezungumzia mambo ambayo mwandishi aliyaacha kwa kuwa wasomaji wake waliyajua. Yapo pia yale aliyoyaacha kwa kusudi.

Tippu Tip anasimulia jinsi alivyoupata utawala wa Utetera, magharibi ya mbali ya Ziwa Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Msomaji anapewa habari za wanawake wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie waliotekwa vitani zamani. Kisha anamwona Tippu Tip akijitambulisha kwamba yeye ni wa uzao wa mmoja wa wanawake hao. Kasongo Rushie, aliyekuwa mzee, anampokea kama jamaa yake na kumkabidhi nchi. Mwandishi hasemi kwamba alidanganya. Hasemi pia kwamba habari ilikuwa kweli. Anaweka vipande kimoja baada ya kingine na kuendelea na safari yake.

Swali la mtihani la kawaida lingekuwa: "Tippu Tip alipataje utawala wa Utetera?" Na jibu: "Kwa sababu alikuwa mjukuu wao." Jibu hilo limo katika maandishi, na mwanafunzi angepewa alama zote. Swali la ung'amuzi ni lingine: "Ni mambo gani katika masimulizi yanayomfanya msomaji aamini au asite kuamini udugu huo, na kwa nini mwandishi hakutamka neno la mwisho?" Hapo mwanafunzi atalazimika kutazama mpangilio wa habari, faida aliyopata msimulizi, na wasikilizaji aliowakusudia. Huenda akagundua kwamba ukimya ule una majivuno ndani yake: mzee wa Unguja anawaachia wasomaji waione werevu wake bila yeye kuutangaza. Au atahitimisha vingine. Kinachohitajika ni aonyeshe dokezo alilolifuata.

Mfano mwingine uko Tabora yenyewe. Mnywa Sele, aliyerithi utemi wa Unyanyembe baada ya Fundikira, alitaka ushuru kutoka kwa wafanyabiashara, nao wakamwondoa na kumweka mwingine. Kwa macho ya wafanyabiashara alikuwa mkorofi aliyeharibu amani ya njia. Speke alikutana naye mwaka 1861 akiwa mtemi asiye na makao, akaandika malalamiko yake. Wanafunzi wakipewa maelezo ya pande zote mbili wataona jambo ambalo upande mmoja pekee hauwezi kulionyesha: kitu kile kile kiliitwa haki ya mtemi na usumbufu wa mtemi, kutegemea nani alishika kalamu.

Na Karunde je? Anatajwa kama binti wa fulani na mke wa fulani. Lakini ndoa hiyo ilimfungulia Muhammed bin Juma mlango wa Unyanyembe, na jina lake limehifadhiwa pale ambapo majina ya maelfu yalipotea. Hilo twaweza kulisema. Kwamba alimpenda mumewe, au kwamba aliozwa kwa nguvu, hatuwezi kulisema. Tukilisema tumekwisha kutoka katika ung'amuzi na kuingia katika kubuni.

6. Namna ya kufundisha

Kutokana na haya napendekeza utaratibu ambao mwalimu anaweza kuutumia kesho asubuhi kwa kifungu chochote, bila kitabu kipya.

Kwanza, maswali yagawanywe wazi katika mafungu matatu, na wanafunzi waambiwe mafungu hayo: yaliyoandikwa, yaliyodokezwa, na yasiyoweza kujulikana kutokana na kifungu. Fungu la tatu husahauliwa, nalo ndilo linalomlinda mwanafunzi. Katika kifungu chetu, "Walikaa Tabora muda gani?" ni la kwanza. "Kwa nini kirangozi alitaja mvua?" ni la pili. "Wangapi walitoroka?" ni la tatu, na jibu sahihi la swali hilo ni kusema kwamba kifungu hakisemi.

Pili, kila jibu la fungu la pili lijengwe kwa nguzo mbili: neno au sentensi iliyomo, na maarifa yaliyotoka nje. Mwanafunzi aandike zote mbili. Akikosa nguzo ya kwanza amebuni. Akikosa ya pili, mwalimu anajua ni habari gani ya kumpa.

Tatu, hitimisho lipimwe kwa kubadilisha neno. Badala ya "watu wakaanza kutoroka" weka "watu wakaanza kuaga". Nini kinabadilika? Badala ya "mvua zimekaribia" weka "mvua zimekwisha". Je, mtumba wa merikani bado una maana? Zoezi hili huwafurahisha wanafunzi, na huwaonyesha kwamba hitimisho lina mahali liliposimama, na pakiondolewa huanguka.

Utaratibu huu si mgeni kwa wenye Kiswahili. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Kitendawili hutegwa na kuteguliwa mbele ya watu, na anayetegua hueleza kwa nini. Tumewalea watoto wetu kwa ung'amuzi wa masikio. Tunapowaingiza darasani twauacha mlangoni, na tunawapa alama kwa kunakili sentensi. Aidha, katika shule za sekondari za serikali, ambako masomo mengine mengi hufundishwa kwa Kiingereza, kipindi cha Kiswahili ndipo mahali ambapo mwanafunzi ana lugha ya kutosha kusikia dokezo. Tukikitumia kuuliza nani, wapi na lini peke yake, hapatabaki kipindi kingine cha kazi hii.

7. Hitimisho

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia mwaka 1937 na baadaye kufundisha huko huko, alisisitiza katika *Elimu ya Kujitegemea* ya mwaka 1967 kwamba elimu imjengee kijana akili ya kudadisi. Mara nyingi tumelisoma sisitizo hilo kama wito wa siasa. Mimi nalisoma pia kama maelekezo ya somo la ufahamu.

Mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ikiwamo Kwihara ya Tabora, katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Hilo ni jema, na majengo yatunzwe. Lakini tembe likikarabatiwa litatuonyesha alipolala mwenye msafara. Aliyebeba mlango wake begani, aliyempikia ugali, na aliyeondoka usiku kwa kuwa mvua zimekaribia na shamba linamngoja, hawana tembe. Wamo katika kiambishi kimoja, katika neno "watu" lisilofafanuliwa, katika nguo zilizopungua bila kuelezwa. Kijana aliyefundishwa kusoma yaliyoandikwa peke yake atatoka shuleni na historia ya wenye kalamu, akiamini kwamba ndiyo historia yote. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunaweza kumzuia asidanganyike hivyo, nasi tuna vipindi vya kutosha kuianza kazi hiyo.